Mshono Usiofumuka

"Nani huyo mlangoni? Usijifiche, nimekujua kwa mwendo wako. Ingia, funga mlango. Kuna neno nataka uniambie kweli."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, na najua wengine mmekuwa mkinilaani tangu siku hiyo. Mama Cherehani amelala wodini, macho yote mawili yamefungwa bandeji. Mlangoni amesimama mkwewe, Fundi, mshonaji wa viti vya magari, mkono mmoja umeshika mfuko wa machungwa na mwingine umezama mfukoni mwa suruali. Mle mfukoni mna kipande cha ngozi ya dashibodi, alichokikata kwa wembe kwenye gari lililopondeka kabla mtu mwingine hajakiona.

Kama umejiunga nasi leo, sikiliza haraka maana sina subira. Mama alikuwa ndani ya gari lake, kiti cha mbele, anaendeshwa na mwanawe wa kiume. Huyo kijana watu wamemwita Taratibu tangu ashike usukani, kwa sababu hata punda humpita. Mwendesha baiskeli akachomoka uchochoroni. Taratibu akamkwepa, gari likaivaa nguzo ya zege. Mifuko ya hewa ikafyatuka miwili, wa dereva na wa abiria. Taratibu akatoka na michubuko ya mikono na sikio moja linalovuma. Mama akatoka na jicho lililopasuka.

Sasa ukoo mzima unauliza: kama kweli alikuwa anaenda polepole, mama ameumiaje hivi? Jibu analo mtu mmoja tu, na ndiye huyo anayefunga mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sogea, kaa hapa. Mbona unahema? Umepanda ngazi mbio?"

"Ndiyo, Mama."

"Niambie. Lile gari ulilishona wewe?"

Machungwa yalimponyoka. Moja likabingirika hadi chini ya kitanda cha jirani.

"Viti, dashibodi, vyote wewe," Mama akaendelea. "Hakuna anayelijua gari langu kukushinda. Na umekwenda kuliona lilivyovunjika. Basi niambie, lilikuwa linakimbia au halikuwa linakimbia?"

Kumbe ni hilo tu! Fundi alishusha pumzi, akajichukia kwa kuishusha. Alikuwa amefunguliwa mlango mpana kabisa wa kusema. Neno moja, "Halikuwa," na shemeji yake, Taratibu, angetoka lawamani.

"Mama, mimi si mtu wa injini."

"Sikuulizi injini. Nakuuliza ulivyoona."

"Inawezekana," Fundi akasema, "lilikuwa linakimbia kidogo."

Ndiyo, alisema hivyo. Mimi nasimulia tu.

Mama akaugeuzia uso ukutani. "Nilijua. Mimi gari likiondoka tu nasinzia, sikuona kitu. Lakini uso wangu umeona. Sikiliza, mwanangu. Jicho si hoja, ninalo la pili. Ninachokataa ni uongo. Taratibu akija akaniambia, 'Mama, nilikimbiza,' namsamehe papo hapo. Akiendelea kushikilia kwamba alikwenda polepole, asikanyage mlangoni kwangu. Nenda kazungumze naye. Wewe anakuheshimu. Mfanye akiri."

Kisha akautafuta mkono wa mkwewe, akaukamata. "Ningekuwa na wa kuzaa kama wewe! Mikono hii nimeifundisha mwenyewe."

Alisema kweli. Kabla Fundi hajawa mkwe alikuwa mwanafunzi kwenye kibanda cha Mama cha kushona nguo. Alijifunza kutunga uzi, kukata na kupinda. Juu ya yote alijifunza sheria moja, aliyoisikia mpaka akaiota: mshono ukifumuka, aliyefumuka ni fundi. Kwa hiyo Fundi anarudia mshono mara tatu. Mwisho anaufunga kwa fundo dogo la Mama, lile linalojificha chini ya ngozi, ukilipapasa unadhani ni punje ya mchele.

Na sheria hiyo ndiyo iliyolipasua jicho.

Alipolifungua gari la Mama ili alipambe, liwe zawadi kutoka kwa mkwe, alikuta upande wa abiria mshono wa uzi mwembamba ajabu, unaokatika kwa ukucha. Alicheka peke yake. "Kumbe hata viwandani wanalipua kazi!" Akaung'oa wote. Akashona upya kwa uzi wa nailoni, mara tatu, akaweka na ubao wa plastiki ngumu chini yake ili ngozi isilegee. Alipomaliza aliita majirani waje kutazama.

Hakujua kwamba uzi ule dhaifu ulikuwa dhaifu kwa makusudi. Mfuko wa hewa unakaa nyuma yake, na siku ya ajali lazima upate pa kutokea. Alilijua hilo alipokwenda kuliona gari baada ya ajali. Upande wa dereva mfuniko ulikuwa umeachana katikati vizuri kabisa, kama ganda la njegere. Upande wa abiria mshono haukufumuka hata tundu moja. Mfuniko mzima ulikuwa umeng'oka, na pembe moja ilikuwa na damu.

Haya, tutoke wodini.

Taratibu alikuwa kwenye benchi la korido, mikono imefungwa shashi kuanzia viganja mpaka viwiko. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, na mfuko ulipofyatuka ukamchubua na kumbabua ngozi. Siku zote hizi anakuja, anakaa hapo, haingii. Akisikia mlango wa wodi unafunguliwa anasimama, halafu anakaa tena.

"Shemeji," akasema, "Mama ameniulizia?"

"Amekuulizia."

Benchi lilikuwa tupu pande zote mbili. Fundi alikaa upande wa sikio bovu. Nawaomba mliweke hilo akilini, kwa sababu mtu hachagui pa kukaa bila sababu.

Muuguzi akapita na kigari cha dawa, gurudumu moja linalia. Fundi alingoja kelele ile ifike karibu kabisa. Kisha akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba dua:

"Ni mimi, shemeji. Ni mshono wangu uliomuumiza Mama. Wewe huna kosa."

Aliungama, msomaji! Lakini aliungama kwenye sikio lisilosikia, mbele ya gurudumu linalolia.

Taratibu hakugeuka. Aliutazama ukuta ulio mbele yake, rangi yake ya kijani imebanduka kwa chini.

"Umesema?"

"Nimesema pole."

"Aa. Asante, shemeji." Akajikuna juu ya shashi. "Chiriku hajambo?"

Chiriku ni binti yake Fundi, mtoto wa pekee, na jina hilo alilipata kwa kuwa mdomo wake haujui kufungwa.

"Hajambo."

"Na dada? Mnaelewana siku hizi?"

"Tunaelewana."

"Vizuri," Taratibu akasema. "Vizuri sana."

Huyo dada akatokea kwenye ngazi muda huo huo, chupa ya chai kwapani, uso umekunjwa. Ndiye mke wa Fundi na binti mkubwa wa Mama, na siku akikasirika hata paka wa nyumbani hulala nje.

"Wewe bado uko hapa?" akamwambia mdogo wake. "Umemtoa Mama jicho, umekuja kulifuata la pili?"

"Dada, wallahi nilikuwa naenda polepole."

"Polepole! Polepole ndiyo inapasua jicho? Hebu jitazame. Gari moja, nguzo moja, wewe umechubuka, mwenzio amepofuka. Mungu anakuona."

"Sijui, dada. Mimi mwenyewe sielewi."

"Baba Chiriku, sema na ndugu yako. Mimi nikiendelea nitamrukia."

Fundi alivitazama viatu vyake. Kiatu cha kushoto kilikuwa na tone la gundi ya ngozi. Alilitazama tone lile kama mtu anayesoma.

"Shemeji," akasema, "Mama hataki makubwa. Anataka ukiri tu kwamba ulikimbiza. Ukikiri anakusamehe leo leo."

Ningekuwa na njia ya kuingia ndani ya hadithi hii ningemzaba kofi. Wewe pia, najua. Lakini subiri, naye alikuwa anajizaba mwenyewe. Tangu siku ya ajali chakula hakishuki, mkewe anadhani ni huruma ya mkwe mwema na anawasimulia mashoga zake. Kila akisifiwa anasikia kama anavuliwa nguo. Alitaka kusema. Kila asubuhi alitaka. Lakini akimwangalia mkewe, akiwaza siku mwanamke huyu atakapojua nani amempofusha mama yake, ulimi unaganda. Asingebaki na mke, na Chiriku angelelewa bila baba.

Taratibu alimwangalia shemeji yake usoni. Halikuwa jicho la hasira.

"Sawa," akasema. "Kama ndicho kitakachompa Mama usingizi, nitakiri."

Mjomba alifika mchana ili kusimamia kikao cha kumpatanisha Mama na mwanawe. Huyu ni kaka yake Mama, mstaafu, mtu ambaye hajawahi kusema neno moja mahali panapotosha kumi. Alisimama miguuni pa kitanda, akakohoa, akaanza tangu siku walipozaliwa yeye na dada yake.

Mke wa Fundi akamvuta mumewe pembeni. "Chiriku anatoka shule sasa hivi, na mama wa jirani aliyekuwa ananichukulia anaumwa. Itabidi uende wewe, mimi nibaki. Nataka nimsikie huyu akikiri."

Fundi alihesabu upesi kichwani. Mkewe akibaki, ataona kila kitu usoni pake. Mke hujua mumewe anavyomeza mate.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi nitakaa na Mama. Nitakusimulia neno kwa neno." Akaingiza mkono mfukoni, akaupitisha kando ya kile kipande cha ngozi, akatoa funguo za gari lake na kuziweka kiganjani mwa mkewe. "Chukua gari, uwahi."

"Haya." Akampa Mama simu yake. "Mama, shangazi atapiga kukujulia hali. Ikilia bonyeza hapa, ninapokuwekea kidole. Nakuwekea chini ya mto." Kisha akamgeukia mumewe. "Na huyo mwanao akipandisha tena miguu kwenye dashibodi, leo nitamchapa. Kila siku nasema."

"Mwache mtoto," Fundi akasema, akili iko kwingine. "Ngozi ile haiharibiki. Nimeishona mwenyewe."

Akaondoka.

Usinirushie gazeti. Najua hilo la dashibodi umeliona. Yeye hakuliona. Tangu ajali alikuwa akililia gari lililokwisha kuumiza, na yale ambayo bado hayajaumiza hayakumjia akilini hata siku moja. Mwenye hatia hujiona yeye tu.

Mjomba alikuwa amefika kwenye utoto wa Taratibu. Mama akamkata.

"Kaka, nashukuru. Mwanangu yuko wapi?"

"Niko hapa, Mama."

"Sema."

Taratibu alipiga magoti kando ya kitanda. Mgonjwa wa jirani alizima redio yake ili asipitwe.

"Mama, nilikimbiza gari. Nilikuwa na haraka zangu. Nimekuumiza mimi. Nisamehe."

Mama akanyoosha mikono hewani akimtafuta, akampata kichwa, akamvuta kifuani. Alilia kwa sauti ya koo tu, machozi yalikuwa yamekatazwa na daktari.

"Nimekusamehe. Yamekwisha. Yamekwisha, baba. Kwa nini ulinitesa hivyo siku zote hizi?"

Fundi alikuwa amejibanza ukutani. Alichokitaka alikipata: kesi imekwisha, mtu amekiri, mama amesamehe. Jamani, mtu asiye na kosa alikuwa amepiga magoti mbele yake, na yeye alikuwa amesimama.

Mama akaanza kumpapasa mwanawe, mashavu, shingo, mabega. Akafika kwenye mikono. Akaigusa shashi kwa ncha za vidole.

"Umeumia hapa?"

"Michubuko tu, Mama. Mfuko ulinibabua. Na sikio linavuma."

"Umevunjika?"

"Sijavunjika."

Vidole vya Mama vikasimama. Huyu ni mwanamke aliyekata nguo maisha yake yote, na mshonaji akiona mikono miwili ya shati moja haitoshani hawezi kutulia.

"Ngoja," akasema. "Mbona haitoshani? Gari moja, kishindo kimoja, mifuko miwili. Wako umekuchubua. Wangu umenipasua. Kama ni mwendo kasi, si ungetupiga sote sawa?"

"Labda kwa kuwa ulikuwa umelala, dada," Mjomba akasema.

"Nilikuwa nimelala, lakini mkanda nilifunga na kiti changu kiko nyuma kabisa, kama mkwe wangu alivyoniwekea. Niitieni daktari."

"Mama, pumzika," Fundi akasema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Niitieni daktari."

Daktari wa macho alikuja na viatu vyake vya mpira visivyosikika, mama mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza swali mpaka mwisho.

"Hata mimi lilinisumbua," akasema. "Mfuko wa hewa unaokoa, lakini unatoka kwa kishindo, kwa sababu lazima ujae kabla kichwa hakijafika mbele. Kwa hiyo unachubua, unababua, unaumiza sikio. Aliyekaa karibu nao mno unaweza kumvunja mkono au mbavu. Hata jicho unaweza kuliumiza. Lakini mfuko ni kitambaa, Mama, hauna pembe. Kilichokupiga wewe kilikuwa na pembe."

"Pembe?"

"Nilipokusafisha nilitoa kitu kwenye nyusi. Nilikitunza." Alikwenda, akarudi na kikopo kidogo. "Ni plastiki ngumu, imeshikana na ngozi na uzi. Nadhani mfuniko wa mfuko haukufunguka, ukang'oka wote, ukarushwa usoni kwako. Kwa kawaida haung'oki. Mifuniko mingine ina mstari dhaifu, mingine ina mshono kabisa, umewekwa makusudi ufumuke."

"Umesemaje?" Mama alijiinua. "Mshono uliowekwa makusudi ufumuke?"

"Ndiyo."

"Sijawahi kusikia," Mama akasema taratibu. "Miaka yote hii, sijawahi kusikia mshono wa namna hiyo." Akafungua kiganja. "Nipe."

Daktari alimwekea kile kitu mkononi. Kilikuwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Mama alikizungusha kwa kidole gumba, akaupata uzi, akaufuata. Gumba likatembea, likatembea, likafika mahali likasimama.

Fundi aliliona likisimama.

"Mkwe wangu," Mama akaita. "Uko wapi?"

"Niko hapa, Mama."

"Wewe una macho, mimi sina. Hebu nitazamie. Uzi huu ni wa kiwandani?"

Mjomba alimtazama. Daktari alimtazama. Taratibu, magotini bado, hakumtazama, aliinamisha kichwa.

Huo ulikuwa mlango wa pili, msomaji, na Mama ameushika mwenyewe kwa mkono wake, wazi.

"Wa kiwandani, Mama."

Gumba la Mama halikutoka lilipokuwa.

"Haya," akasema. "Binti yangu simsikii. Ameenda wapi?"

"Amemfuata Chiriku shule."

"Kwa miguu?"

"Hapana. Kwa gari."

"Gari gani?"

"Langu, Mama."

"Lile la maonyesho? Lile ulilolishona la kwanza kabisa, wateja wakija unawaonyesha wachague?"

"Ndilo."

"Na mjukuu wangu anapenda kukaa mbele."

Fundi aliutazama mlango.

"Niambie, mwanangu," Mama akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na mshono wa gari lile, nao ni wa kiwandani?"

Ilimwingia kwa mkupuo. Viatu vidogo vimevuliwa, miguu imepandishwa juu ya dashibodi, visigino vimekaa pale pale penye mshono. Na nyuma ya mshono, kile kishindo alichokieleza daktari. Na funguo alikuwa amezitoa yeye, kwa mkono wake, ili mkewe asimwone akimeza mate.

"Si wa kiwandani!" Ukelele ulimtoka hata muuguzi wa korido akachungulia. "Ni wangu! Yote ni mishono yangu, Mama! Nimeirudia mara tatu! Taratibu hakukimbiza, ni mimi, nilijua tangu nilipoliona gari, nilijua nikanyamaza!"

Akakitupa kile kipande cha ngozi kitandani kama kinachomchoma.

"Najua," Mama akasema. "Nimelishika fundo. Hilo nilimfundisha mtu mmoja tu." "Na nani alikwambia mshono usifumuke? Si mimi? La jicho tutalizungumza mimi na wewe, maana hata mimi nimo. Sasa kamshushe mtoto kwenye kile kiti. Kimbia!"

Fundi alikuwa ameshatoa simu. Akapiga. Simu ya mkewe ikaitikia kwa wimbo mtamu, chini ya mto wa Mama.

"Mjomba, gari lako!"

Mjomba alianza kujipapasa mifuko huku akieleza kwamba gari lake ni la zamani, haliwaki upesi, linataka kubembelezwa. Taratibu alisimama. Alikuwa ameapa mbele ya ukoo kwamba hatagusa usukani tena maisha yake. Alimnyang'anya mjomba wake funguo zilipotokeza tu, akatoka mbio, na Fundi nyuma yake, ngazi wanaziruka.

Gari liliwaka kwa mara ya tatu. Taratibu aliushika usukani, shashi ikaanza kulowa damu.

"Shemeji," Fundi akasema, "kimbiza."

Na yule kijana ambaye hata punda humpita alikanyaga mafuta mpaka chini.

Walipita soko la mitumba, wakapita kituo cha mafuta, honi haikatiki. Fundi alikuwa ameshika dashibodi ya Mjomba kwa mikono miwili, dashibodi ya chuma tupu, isiyo na mfuko wala mshono.

"Nisamehe," akasema. "Nilitaka kukwambia, shemeji. Wallahi nilitaka kukwambia."

"Uliniambia."

"Nini?"

"Pale benchi." Taratibu hakuyatoa macho barabarani. "Sikio linavuma, halijafa. Nilikusikia neno kwa neno."

Fundi alimgeukia, mdomo wazi.

"Sasa mbona... Mbona ulipiga magoti?"

"Nilikuuliza Chiriku hajambo, ukasema hajambo. Nikakuuliza wewe na dada, ukasema mnaelewana. Nikawaza, Mama atanisamehe mimi, nimetoka tumboni mwake. Dada hatakusamehe wewe." Akakata kona, tairi zikalia. "Nikakungoja, shemeji. Nikasema labda leo atanyanyuka, azunguke, aje akae upande wa sikio zima."

Fundi alijifunika uso. Mimi sina la kumsaidia.

"Wale pale," Taratibu akasema.

Walikuwa wamefika njia panda ya shule. Ng'ambo ya pili, kwenye msururu unaoteremka kilima, gari la Fundi lilikuwa linakuja kuelekea kwao, ngozi yake nyekundu inang'aa ndani ya kioo. Mkewe alikuwa amegeuza kichwa pembeni, kidole juu, anamkaripia mtu. Na juu ya dashibodi, upande wa abiria, soksi mbili nyeupe zilikuwa zinachezacheza, zimekanyaga mshono.

Fundi alijitokeza dirishani mpaka kiunoni, akapunga mikono yote miwili, akapiga kelele jina la mwanawe. Chiriku akamwona baba yake. Akacheka, akampungia kwa mguu.

Na mbele ya gari la mkewe na Chiriku, lori la mchanga likafunga breki ghafla.